Eti mbona hakukimbia!

Najua nimepotea humu wiki mbili nzima, testi zilikuwa zinafuatana kama siafu, na boom nalo mnajua habari zake. Lakini leo siandiki habari za boom. Leo nina hasira, na wa kwanza kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Ijumaa usiku tulikuwa sita kwenye chumba cha watu wanne (msiniulize nani anambeba nani), tumebanana kwenye vitanda viwili, laptopu imeegemezwa kwenye rundo la madesa, tunaangalia filamu ya Natascha Kampusch. Kwa asiyemjua, ni yule binti wa Austria aliyetekwa na mtu asiyemfahamu asubuhi ya tarehe 2 Machi 1998, akiwa anatembea kwenda shule jijini Vienna. Alikuwa na miaka 10. Alitoka kwenye nyumba ya aliyemteka tarehe 23 Agosti 2006, akiwa na miaka 18. Siku 3,096. Hesabu mwenyewe ukitaka, mi nimeshahesabu.

Filamu ikaisha, taa ikawashwa, na mimi, msomi wa chuo kikuu, nikafungua mdomo: “Sasa huyu naye, miaka yote minane, mpaka dukani anapelekwa, mbona hakukimbia?” Wakadakia wote. Mmoja akasema huyo alishanogewa, tukacheka. Mwenzetu mmoja wa kitanda cha chini hakucheka. Aliinuka, akachukua ndoo, akasema anakwenda kuteka maji. Maji yalikuwa hayatoki tangu asubuhi, na yeye ndiye aliyetuambia hayatoki.

Sikulala vizuri. Jumamosi nikatafuta kitabu chake alichokitoa mwaka 2010, nikakaa nacho mpaka usiku. Ndo nimerudi hapa kuwaambia, lile swali letu ni la hovyo, na tunaliuliza kwa mtu asiyestahili kuulizwa.

Tuanze na chumba chenyewe. Wolfgang Priklopil, fundi wa mitambo ya mawasiliano, alikuwa na nyumba Strasshof, mji mdogo nje ya Vienna, mwendo wa kama nusu saa kwa gari. Chini ya gereji alijenga chumba cha mita tano za mraba hivi. Hakina dirisha. Mlango wake ni wa zege na chuma, na njia ya kuufikia imefichwa nyuma ya kabati. Vitanda viwili vya hosteli na nafasi ya kupita katikati, basi, ndo dunia yake. Miezi sita ya mwanzo hakutoka humo hata mara moja. Taa inawashwa na kuzimwa na mtu mwingine, hewa inaletwa na feni inayonguruma usiku na mchana. Sasa niambie we unayeuliza mbona hakukimbia, mtoto wa darasa la nne anakimbia kutoka humo kwenda wapi? Na kumbuka, Priklopil peke yake ndiye aliyejua kama kuna mtu mle ndani. Siku akigongwa na gari huko barabarani, mtoto anakufa kwa njaa chini ya gereji na hakuna atakayejua. Natascha aliiona hesabu hiyo mapema sana. Uhai wa yule mtu ulikuwa ndo uhai wake.

Halafu yale maneno. Alimwambia wazazi wake hawamtaki, wamekataa kumlipia. Alimwambia milango na madirisha ya nyumba yametegwa mabomu. Alimwambia akithubutu kupiga kelele mbele za watu, atamuua yeye na atamuua huyo atakayemkimbilia. Alimnyang'anya hata jina, akampa jingine. Alimnyima chakula mpaka siku anatoroka alikuwa na uzito wa kama kilo 48, na alipotekwa akiwa na miaka 10 alikuwa na kilo 45. Alimnyoa nywele. Alimpiga mara nyingi, na yeye alikuwa anaandika vipigo hivyo kwenye vikaratasi, tarehe na mahali palipoumia. Mtoto anatunza kumbukumbu kama karani wa mahakama, na hana uhakika kama kuna mahakama itakayozisoma. Hapo niliweka kitabu chini nikaenda kusimama koridoni kidogo.

Haya, mnasema dukani. Ni kweli, miaka ya mwisho alianza kumtoa nje. Mpaka kwenye mlima wa kuteleza kwenye theluji alimpeleka siku moja. Sisi tunaona mlango uko wazi. Yeye anaona mtu aliyesimama nyuma yake, ambaye kwa miaka yote kila alichotishia kumfanyia alikifanya. Anaeleza jinsi alivyokuwa akiwatazama watu machoni akitumaini mmoja atamtambua. Picha yake ilishabandikwa nchi nzima! Hakuna aliyemtambua. Maneno yenyewe yalikuwa hayatoki kooni.

Na nani kasema hakupigana? Yule mtu alitaka aitwe bwana mkubwa. Akakataa. Alitaka apigiwe magoti. Akakataa, akapigwa, akakataa tena. Sisi hapa kuna wahadhiri tunawaogopa mpaka tunashindwa kuwaambia wamekosea kujumlisha maksi zetu.

Kuna kitu kimoja kwenye hicho kitabu sijaweza kukitoa kichwani. Alipokuwa na miaka 12 hivi alimwona kichwani yeye mwenyewe akiwa mtu mzima wa miaka 18. Huyo mkubwa akamwahidi yule mdogo kwamba sasa hivi bado ni mdogo, hana nguvu, lakini atarudi kumchukua. Alitimiza miaka 18 Februari 2006. Agosti mwaka huohuo alikuwa nje. Sisi tunauliza mbona hakukimbia, kumbe mwenzetu alishapanga, na akasubiri miaka sita.

Siku yenyewe wala haikuwa na mambo ya sinema. Ilikuwa saa saba kasoro mchana, anasafisha gari la Priklopil kwa mashine ya kufyonza vumbi. Simu ya jamaa ikaita, mtu anaulizia nyumba ya kupanga. Mashine inapiga kelele, jamaa akasogea pembeni ili asikie. Natascha akaiacha mashine inanguruma vilevile, akakimbia. Akaruka nyua za majirani. Watu wa kwanza aliokutana nao aliwaomba wamwitie polisi, hawakumsaidia. Akagonga dirisha la bibi mmoja. Bibi hakumkaribisha ndani, alimwambia asubiri nje, lakini angalau simu aliipiga. Kwa hiyo ukitaka kujua kukimbia kulikuwaje, ndo hivyo. Umetoka chini ya ardhi baada ya miaka minane, na watu wanakutazama kama umekuja kuuza karanga.

Jioni ya siku hiyo Priklopil alijitupa mbele ya treni, akafa. Hakuna kesi, hakuna hukumu. Nadhani hapo ndipo balaa lilipoanza, maana watu walikuwa na hamu ya kumhukumu mtu na mwenye makosa hayupo. Wakamgeukia aliyebaki.

Sasa nije kwenye swali ninalotaka tuulize kwa sauti. Polisi walikuwa wapi?

Mtoto mwenzake wa miaka 12 aliona. Alisema kamwona msichana anavutwa ndani ya gari dogo jeupe. Polisi wakakagua mamia ya magari meupe, na mwanzoni mwa Aprili 1998, mwezi mmoja na siku chache tu tangu mtoto apotee, walifika kwa Priklopil mwenyewe. Walimwona. Gari waliliona. Hakuwa na mtu wa kuthibitisha alikuwa wapi asubuhi ile. Akasema gari analitumia kubebea vifusi vya ujenzi. Wakaridhika, wakaenda zao! Siku chache baadaye askari mmoja wa kikosi cha mbwa akapeleka taarifa kwa wenzake kwamba kuna mtu Strasshof ana gari jeupe, anaishi kipweke, tabia zake zinatia shaka, atazamwe. Taarifa ikalala kwenye jalada. Habari hiyo ilikuja kujulikana hadharani mwaka 2008, pale aliyekuwa mkuu wa idara ya upelelezi ya taifa, Herwig Haidinger, alipoitoa. Wiki sita, jamani. Wangeupata ndani ya wiki sita ule mlango nyuma ya kabati. Yeye akakaa siku 3,096.

Mtu mzima mwenye bunduki, pingu, mbwa na mshahara hakuufungua mlango huo. Lakini “mbona” yetu tunamwachia mtoto wa miaka 10.

Na serikali ilipounda tume kuchunguza uzembe huo, mwenyekiti wake, jaji mstaafu aliyewahi kuongoza Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, aliliambia gazeti mwaka 2009 kwamba huenda maisha ya utekaji yalikuwa bora kwa Natascha kuliko aliyoyaishi kwao kabla. Msomi, jaji, mzee wa watu! Mama mzazi akamshtaki, akashinda mahakama ya kwanza, rufaa ikambeba mzee. Mwaka 2012 afisa mmoja wa polisi akaenda mpaka shule ya msingi kutafuta vinasaba vya mtoto mmoja, eti athibitishe ni mtoto aliyezaliwa mle ndani. Ilibidi waletwe wataalamu wa Marekani na Ujerumani kupitia jalada lote, na mwaka 2013 wakasema yaelekea kabisa jamaa alifanya peke yake, kama alivyosema Natascha tangu mwanzo. Nguvu zile wangezitumia Aprili 1998...

Kosa lake ni nini hasa? Nimefikiri sana. Nadhani kosa lake ni kwamba hakutoka vile walivyotaka atoke. Wiki mbili tu baada ya kutoroka alikaa mbele ya kamera za televisheni ya taifa, ametulia, anaongea kwa ufasaha (alikuwa na vitabu na redio mle chini, alijisomesha). Watu walitegemea kitoto kinacholia, wakaletewa mtu mwenye maneno yake. Halafu akasema jambo lililowaudhi zaidi, kwamba Priklopil hakuwa shetani wa saa ishirini na nne. Na alipoambiwa amekufa, alilia. Basi! Hapo ndo wakampa ile diagnosisi.

Wa saikolojia mwaka wa pili chumbani kwetu (mnamjua) naye aliileta Ijumaa, Sindromu ya Stockholm. Nikaenda kuisoma. Ilitokana na wizi wa benki Stockholm mwaka 1973, watu wanne walishikiliwa siku sita. Mateka mmoja, Kristin Enmark, alimpigia simu waziri mkuu Olof Palme akamwambia anawaogopa polisi kuliko majambazi, maana polisi walikuwa wanapanga kuvamia na wao wangekufa katikati. Ukisikiliza vizuri ni hoja hiyo, ina kichwa na miguu. Lakini daktari wa akili aliyekuwa anawashauri polisi haohao, Nils Bejerot, ndiye aliyeleta maelezo kwamba mateka wamependana na watekaji, na Enmark alikuja kusema daktari huyo hakuwahi hata kuongea naye. Yaani aliyelalamikiwa ndiye aliyeleta mtu wa kumpima aliyelalamika! Wizi huo ulianza tarehe 23 Agosti, tarehe ileile aliyotoroka Natascha. Sina la kusema kuhusu hilo, nimelishangaa tu.

Natascha mwenyewe anaikataa. Anasema ukimbandika mtu jina la ugonjwa unamnyang'anya haki ya kueleza maisha yake mwenyewe. Alilia kwa sababu kwa miaka minane huyo ndiye binadamu pekee aliyemwona. Mkono uliompiga ndio uliomletea mkate. We ungekuwa na moyo wa aina gani usichanganyikiwe?

Wa saikolojia, usininunie. Ila ukipita kwenye mtihani kwa jibu lile, aliyekusahihishia naye arudi darasani.

Najua wapo watakaosema nimekuwa mkali, swali ni swali tu. Mi nilishaibiwa simu kituo cha daladala, na kila niliyemweleza aliniuliza saa ile nilitoa simu ya nini. Hakuna aliyeuliza mwizi alitoa mkono wa nini. Simu tu ile, na iliniuma wiki nzima. Nafikiri tunauliza hivyo kwa sababu tukishapata kosa la aliyedhuriwa tunajiona salama, maana sisi hatungelifanya. Mimi Ijumaa ile nilikuwa najiona salama kabisa, juu ya kitanda, na karanga mkononi.

Yule mwenzetu alirudi na ndoo tupu. Akaiweka mahali pake, akapanda kitandani, akajifunika gubigubi. Jana nikamnunulia chipsi mayai, tukakaa nje kwenye ngazi za bweni. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu lile swali langu la Ijumaa lilikuwa la kijinga.

“La kijinga kweli,” akasema, akachukua kipande cha mwisho.

Haya wapendwa, nina kipindi saa mbili na ukumbi ule ukichelewa unasimama. Naondoka.