Maji ya Uluguru na Katiba Mbili

Msafiri apitaye Morogoro huitazama Milima ya Uluguru akausifu uzuri wake. Leo tunawaomba wananchi na viongozi waitazame kwa jicho la sheria. Mito ya Mgeta, Mvuha na Ngerengere hutiririka kutoka milimani humo na kuingia Mto Ruvu, nao Ruvu ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Je, Katiba inasemaje juu ya maji hayo, na juu ya watu wanaoyatunza?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 27, inamtaka kila mtu kulinda mali asilia ya Taifa. Hilo ni agizo jema. Lakini katika haki za raia zilizoingizwa kwa mabadiliko ya 1984, haki ya maji haikutajwa kwa jina lake. Malengo ya Taifa yamo, ila ibara ya 7 imetamka wazi kwamba hayawezi kudaiwa mahakamani.

Jirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Ibara ya 69 inaiagiza Serikali ihakikishe miti inafunika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na ibara ya 70 inamruhusu mwananchi kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha hasara yake binafsi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maandishi hayo hayajaijaza kila ndoo nchini Kenya. Wala mahakama zetu hazikulala: mwaka 1991 Mahakama Kuu iliitegemea haki ya kuishi, iliyomo katika ibara ya 14, ilipokataa kuliongezea Jiji la Dar es Salaam muda wa kutupa taka Tabata. Hata hivyo, haki inayopatikana kwa tafsiri ya jaji si sawa na haki ambayo mwananchi anaweza kuisoma mwenyewe.

Uluguru inatufundisha kwamba wajibu pekee hautoshi. Kuanzia 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa huko kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 wananchi waliinuka huko Matombo, na mpango ule ukafa. Waluguru hawakuichukia ardhi yao, la hasha! Walichoka na amri iliyowatwisha kazi bila kuwauliza.

Leo mkulima yule anaambiwa aheshimu mipaka ya msitu uliotengwa mwaka 2008, na asilime ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya 2004. Ni sawa. Lakini anayewatunzia wengine maji anastahili naye kuwa na haki ya maji hayo, iliyoandikwa na inayodaiwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba jambo hili ni la bara peke yake. Visiwani maji mengi hutoka chini ya ardhi, na anayeharibu ardhi ya juu amekiharibu kisima. Mlinzi wa kisima naye anahitaji kinga ileile.

Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Katiba ya 1977 ndiyo ingali inatuongoza. Siku mjadala huo utakaporejea mezani, tunawashauri viongozi wasiishie kuhesabu madaraka ya wakubwa. Wauweke wajibu wa kulinda chemchemi na haki ya kunywa maji yake katika ukurasa mmoja. Haki na wajibu ni pacha, na anayemlea mmoja peke yake atawakosa wote wawili.