Tumechoka kuwa wageni kila mechi

Safari hii hatuandiki juu ya mafunzo wala mradi wa sabuni. Tunaandika juu ya basketi, na tutapaza sauti kidogo. Mtuvumilie.

Ratiba ya mashindano ya vijana ilipobandikwa, timu zilikuwa nane. Yetu ni ya mchanganyiko, wengine wa hapa kwenye site ya Bugendana, wengine Wakongomani wa kambi ya Kinama kule Muyinga. Tuliandikwa namba nane. Namba moja ilikuwa shule moja ya mjini, na mechi ya kwanza ilikuwa sisi na wao, kwenye uwanja wao. Ukishindwa unarudi. Tukamuuliza aliyepanga, hii namba nane imetoka wapi? Akasema, "Si ninyi ni timu mpya." Mpya! Mwaka wa tatu huu tunacheza pamoja.

Siku yenyewe mnaijua walioko Kinama. Karatasi za kutoka kambini zilitoka saa tatu asubuhi, mechi ilikuwa saa tano, na Muyinga mpaka Gitega si kuvuka barabara. Tukaanza watu watano bila hata mmoja kwenye benchi. Wenzetu walishuka kwenye gari robo ya pili inaisha, wakaingia na miguu imekufa ganzi. Wanafunzi wa shule nzima wamezunguka mistari, ngoma zinapigwa nyuma ya kikapu. Tulifungwa 51 kwa 34. Robo ya nne tuliishinda sisi, lakini nani anaandika robo ya nne? Saa nane tulikuwa tumepakiwa tena kwenye gari, na jioni tukasoma kwenye ripoti kwamba wakimbizi "wameshirikishwa".

Kushirikishwa kwa dakika arobaini. Hapo ndipo tunapogombana.

Anayetetea ratiba ile anatuambia kwamba hata Marekani ndivyo wanavyofanya. Sawa, twende Marekani. Mashindano ya vyuo vikuu ya NCAA, yale ya mwezi wa tatu, tunayafuata. Wenye simu nzuri wanaangalia usiku, sisi wengine tunasimuliwa asubuhi kwenye bomba la maji. Mwaka 2025 timu zilikuwa 68. Kamati inakaa, inazigawa katika kanda nne, kila kanda inapewa namba kuanzia 1 hadi 16, na namba 1 anakutana na namba 16. Kwa hiyo ni kweli, mdogo anapewa mkubwa mapema. Hilo hatulikatai.

Lakini kule namba haitoki kwenye kichwa cha mtu. Kila timu imeshacheza mechi kama 30 tangu mwezi wa kumi na moja. Kamati inaangalia umemshinda nani, na umemshindia wapi. Hapo wapi ndipo patamu. Katika hesabu yao ya wanaume, kumshinda nyumbani kwako mmoja wa 30 bora kunawekwa fungu moja na kumshinda ugenini mmoja wa 75 bora. Maana yake wameshakubali kwa karatasi kwamba kelele za wenyeji, safari, kitanda kigeni na refa anayezomewa vina uzito. Wameupima, wamemfidia mgeni. Huku kwetu mgeni anaambiwa aache visingizio.

Na uwanja je? Kwa wanaume wa NCAA, timu hairuhusiwi kucheza mashindano hayo kwenye uwanja wake wa nyumbani. Kwa wanawake ni tofauti, timu 16 za juu ndizo zinazopokea wageni raundi mbili za kwanza. Tunaweza kubishana kama ni haki, lakini angalau ni zawadi ya msimu mzima. Ile shule ilipewa namba moja na uwanja kwa pamoja, na haikuwa imecheza msimu wowote kuliko sisi. Ilichokuwa nacho ni saruji na choo cha wageni.

Mnamkumbuka Virginia wa 2018? Namba 1 walikuwa wamekutana na namba 16 mara 135 na kushinda zote 135. Ya 136, chuo kidogo cha UMBC kikawachapa 74 kwa 54. Mwaka 2023 Fairleigh Dickinson wakafanya vilevile kwa Purdue, 63 kwa 58. Mechi ya kwanza ilichezwa Charlotte, ya pili Columbus, hakuna hata moja iliyokuwa kwenye uwanja wa yule mkubwa. Tunajiuliza tu ingekuwaje kama UMBC wangecheza kwa Virginia, nusu ya timu ikiwa bado barabarani inangoja karatasi isainiwe.

Kuna mwenzetu mmoja, hatumtaji, yeye anasema uwanja wa nyumbani ni maneno, mpira ni mpira. Anatutolea mfano wa REG ya Rwanda katika BAL, Mei 2022. REG waliongoza kundi lao Dakar, wakarudi Kigali mbele ya watu wao, na robo fainali wakatolewa na FAP ya Cameroon, 66 kwa 63. Haya, ni kweli, umati unaweza hata kukulemea wewe mwenyewe mwenyeji. Na Machi 2024 Dynamo yetu ya Burundi walikwenda Pretoria, mechi ya kwanza wakawafunga Cape Town Tigers 86 kwa 73 ndani ya Afrika Kusini. (Yaliyofuata, mambo ya jezi, tunayaacha. Si kazi yetu na hatutafuti matatizo.) Lakini mwenzetu anasahau jambo moja. FAP walifika Kigali wakiwa wameshacheza mechi tano Cairo. Walikuwa wameshakosea, wameshajirekebisha, wameshazoea. Kundi liliwapa nafasi ya kuwa timu kabla ya kumkabili mwenyeji. Sisi tulipewa asubuhi moja.

Tuseme pia la kwetu, tusijifanye malaika. Timu moja ya jirani iliwahi kuja kwenye uwanja wetu wa udongo, na tulivyowafanyia ni aibu. Kila mtupo huru tulipiga masufuria. Kijana wao mmoja alikosa mitupo minne mfululizo, akaenda kusimama nyuma ya mti. Tulishangilia. Kwa hiyo tunajua nguvu ya nyumbani, tumeishika mikononi siku moja, na ilikuwa tamu sana. Ndiyo maana hatukubali kuambiwa haipo.

Na neno nyumbani kwetu lina uchungu wake. Kuna watu hapa Bugendana waliotoka kwenye vilima vyao katika vita iliyoanza 1993, kilima chenyewe si mbali, na bado wako site. Wenzetu wa Kinama nyumbani kwao ni ng'ambo ya mpaka. Wakubwa wanadhani kwa sababu hatuna nyumbani basi hatuhitaji uwanja wa nyumbani. Ni kinyume.

Waangalieni Sudan Kusini. Luol Deng alikimbia na familia yake akiwa mtoto, akapitia Misri, akakulia London, akachezea chuo cha Duke, kisha NBA. Baadaye akawa rais wa shirikisho la basketi la nchi yake, na timu aliyoijenga haikuwa na ukumbi wa ndani wa kufanyia mazoezi kwao. Kila mahali wageni. Mwaka 2023 waliifunga Angola 101 kwa 78 kwenye Kombe la Dunia, wakakata tiketi ya Olimpiki. Julai 2024 huko London waliipeleka Marekani mpaka 101 kwa 100. Kwenye Olimpiki ya Paris, kabla ya mechi na Puerto Rico, wakapigiwa wimbo wa taifa wa nchi nyingine! Wakashinda 90 kwa 79. Na Khaman Maluach, aliyekulia Uganda, naye akapita Duke. Aliingia NBA 2025 akichaguliwa wa kumi.

Tunawapenda hao mpaka kufa. Lakini mashirika yasituoneshe picha zao kama dawa: mbona wao waliweza bila uwanja? Waliweza kwa sababu walipewa mechi nyingi, makocha, na tiketi za ndege zilizofika kabla ya mechi kuanza.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba kwa jina la watu tuliokaa chini ya ule mti tukaandika hii barua: kama hakuna msimu wa kupimia, msitoe namba, pigeni kura mbele ya makapteni wote. Timu nane ni makundi mawili, kila mtu mechi tatu ndipo atolewe. Karatasi za wenzetu wa Kinama zisainiwe siku moja kabla, siyo asubuhi ya mechi. Na siku moja tu ya mashindano ije huku kwetu. Wanaosema usalama, njooni mwone uwanja kwanza.

Mawe tumeyatoa. Pete ya upande wa barabara ilikuwa imepinda, fundi wa kuchomelea ameinyoosha, amekataa hela. Chokaa ya mistari tumeshachanga nusu ya bei yake.