Niacheni Nifungue Faili kwa Programu Yangu

Kwani ni nani aliamua faili ya kazini lazima ifunguke kwa brauza? Nauliza kwa roho safi, ijapokuwa hiyo roho safi yenyewe imebaki kidogo.

Mimi nafanya usiku kwa ofisi moja ya mizigo hapa Mwembe Tayari, zile za kupeleka vitu Nairobi na basi. Jina silitaji, kibarua bado nakihitaji. Kazi yangu ni kuandika: mzigo wa nani, unaenda wapi, umelipiwa ngapi. Zamani orodha ilikaa kwa kompyuta ya ofisi. Siku hizi ni linki imetupwa kwa grupu ya WhatsApp, watu sita tunaandika mahali pamoja. Wazo zuri. Wa Nairobi anauona mzigo kabla basi halijafika Mariakani. Hapo sina neno.

Neno langu ni hili. Ukibonyeza hiyo linki, Excel inafunguka ndani ya brauza, utake usitake. Kompyuta ni yangu, bando ni langu, na saa tatu usiku, dereva ashawasha injini na makanga anagonga mabati, ndipo mtandao unaamua kupumzika. Juzi niliandika mistari kama thelathini, kumbe ukurasa ushakatika kitambo. Kulikuwa na ilani ndogo pale juu, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nahesabu chenji ya mama wa watu. Mzigo mmoja haukuonekana kwa orodha, mwenyewe akaja na kelele zake, na pesa ikakatwa kwa mshahara wangu. Mtandao haukukatwa hata shilingi.

Nikilalamika naambiwa, "Tukifungua kila mtu na programu yake, hatutaandika pamoja." Uongo, jamani. Excel iliyowekwa kwa kompyuta pia inaruhusu watu wengi kuandika faili moja kwa wakati mmoja, mradi faili ikae OneDrive au SharePoint. Tena ukiiweka ibaki kwenye mashine yako, mtandao ukipotea unaendelea kuandika, ukirudi yale maandishi yanapanda yenyewe. Na kuchagua si uchawi. Kwa Teams kuna sehemu ya mipangilio ya faili na linki, unaiambia mara moja tu ifungue kwa programu ya kompyuta. Mwenye maktaba ya SharePoint naye anaweza kuiweka hivyo kwa wote.

Basi shida iko wapi? Nilichimba nikaijua: pakeji iliyonunuliwa. Microsoft 365 ya bei ya chini kwa biashara, ile Business Basic, inakupa Excel ya brauza na ya simu pekee. Ya kompyuta hulipiwi. Kitufe cha kufungulia kwa kompyuta unakiona, unakibonyeza, kisha Excel inakwambia tazama tu, usiguse. Yaani ofisi imeokoa pesa, halafu hasara ya ule uokoaji ikaletwa kwangu kwa njia ya bando na makato. Hiyo ndiyo inayonichoma. Mtu angeniambia waziwazi "hatukukulipia" ningemuelewa.

Mtanijibu, si uweke LibreOffice, ni ya bure? Ninayo, na naipenda. Inafungua faili za Excel vizuri, haili bando. Jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani liliamua mwaka 2024 kuhamishia kompyuta karibu 30,000 za serikali huko. Na kabla hata hao hawajawaza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wenzetu walishafikiria kuhusu sisi zamani, sisi tukaendelea kufunguliwa na wenye linki.

Lakini nisidanganye: LibreOffice yangu haiwezi kuandika moja kwa moja na wale watano kwa ile linki. Nikishusha nakala, nikijaza, nikipandisha, naweza kufuta alichoandika mwenzangu wa Nairobi. Nishafanya hivyo mara moja, tukatukanana. Kwa hiyo simwambii kila mtu ashike lake.

Ninachotaka ni kimoja. Ukiniajiri nitumie mashine yangu, niulize nafanya kazi na nini kabla hujanunua pakeji. Laini moja tu ya Excel kamili, ya yule anayeshika usiku, si ya bosi anayefungua faili mara moja kwa wiki kuangalia jumla akiwa na waifai ya nyumbani.

Supavaiza aliniambia ataongea na mkubwa. Hii ni wiki ya tatu. Kwa sasa naandika kwa daftari kwanza, mistari yote, kalamu ya bluu, halafu basi likiondoka ndipo nafungua ile linki yao.