Jua tunalo, tunalipoteza shambani

Ndugu zangu mliorudi nyumbani kama mimi, na ninyi mnaovuka Mpondwe kila kukicha na magunia yenu, leo nawaomba tuzungumze juu ya jua.

Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto, unga wa ngano ulipanda bei na kila mlaji wa chapati alilalamika. Uganda hulima ngano kidogo tu, hasa Kapchorwa na majirani zake kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Iliyobaki huja kwa meli. Hata hivyo, ngano ina somo linalotuhusu sisi wa mahindi na maharage.

Somo hilo nililipata uhamishoni. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania, nami nikasoma shule ya msingi upande wa Hanang, penye mashamba makubwa ya ngano. Mwalimu wetu wa kilimo aligawa shamba la shule mara mbili. Nusu moja tulitapanya mbegu kwa mkono. Nusu ya pili tulipanda kwa mistari, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Kipimo cha mbegu kilikuwa kile kile.

Kule tulikotapanya, penye msongamano miche iligombea mwanga, ikarefuka, kisha ikalala. Penye mapengo, jua lilianguka kwenye udongo mtupu na kunufaisha magugu. Kwenye mistari kila mche ulipata nafasi ya kutoa machipukizi, na palizi ilikuwa rahisi. Siku ya kupura hatukuhitaji maelezo.

Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga. Jua linaloishia kwenye udongo mtupu ni hasara, na jani lililofunikwa na mengine hufanya kazi kidogo sana. Tena mbegu hazifanani. Aina fupi yenye majani yaliyosimama hupitisha mwanga hadi chini, kwa hiyo huvumilia kupandwa karibu karibu. Aina ndefu yenye majani mapana hudai nafasi. Anayenunua mbegu bora akaipanda kwa mazoea ya zamani amelipia nusu ya faida.

Sisi wa Kasese tuko kwenye ikweta. Mstari wenyewe unapita karibu na Kikorongo. Siku yetu ina mwanga wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mkulima wa Ulaya wakati wa kiangazi hupata saa za ziada. Sisi hatuna ziada, na mashamba yetu huku milima ya Bwera ni vipande tu. Wengi tulirudi tukakuta ardhi ya babu imegawanywa kwa ndugu wengi. Ardhi haiongezeki, lakini mwanga unaopotea unaweza kuokolewa.

Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Mwalimu, mistari ni kazi ya wenye watu wengi." Namwelewa. Kazi huongezeka siku ya kupanda, lakini hupungua siku za palizi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kinachohitajika ni kamba yenye mafundo: mahindi sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Kwenye mteremko, mistari ikate mlima ili mvua isiondoke na udongo.

Siku hizi mpango wa serikali wa PDM unaikopesha kaya shilingi milioni 1. Wengine hununulia mbegu, wakazitapanya, kisha wakabaki na deni. Ombi langu kwa maofisa kilimo ni hili: kabla ya kuhimiza mbegu, njooni na kamba, mtuonyeshe katika shamba la mtu mmoja kila kijiji.

Nanyi wafanyabiashara, msiseme hili si lenu. Gunia mnalolitafuta mbali kulipeleka Kasindi lingeweza kujazwa hapa hapa Bwera, kwa jua ambalo hatulilipii ushuru.