Mkato wa Dola Milioni 5

Robert Lowth, kasisi wa Uingereza, alipochapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1762, hakumkataza mtu kumaliza sentensi ya Kiingereza kwa kihusishi. Alisema tu kwamba mazoea hayo yanafaa mazungumzo, na kwamba katika maandishi ya taadhima hupendeza zaidi kihusishi kikitangulia. Tena alipokuwa akiyasema hayo, yeye mwenyewe aliacha kihusishi mkiani. Waliokuja baadaye ndio walioigeuza ladha yake kuwa amri, na amri ikatufikia madarasani.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya Kiingereza tunachokiandika kila siku: barua za kazi, ripoti, matangazo, mikataba. Ninachodai ni kwamba tunakisahihisha mahali pasipouma. Ukikuta "it's" palipotakiwa "its", futa alama hiyo uendelee na kazi, hakuna aliyepotoshwa. Kosa la kukeshea ni lile linalompa msomaji maana mbili, na mara nyingi halivunji kanuni yoyote.

Jimbo la Maine, Marekani, lililijua hilo kwa gharama. Sheria yake iliorodhesha kazi za vyakula ambazo hazikustahili nyongeza ya malipo ya saa za ziada: kusindika, kukausha, kuhifadhi na kadhalika, hadi mwisho palipoandikwa "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Je, hizo ni kazi mbili, kufungasha na kusambaza? Au ni moja, kufungasha, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walikuwa wakisambaza, hawafungashi. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona kuwa maneno yale yana utata, ikawapa madereva haki. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 ili kesi iishe. Kinachonichekesha ni kwamba mwongozo wa kuandika sheria wa Maine ulikuwa ukiagiza mkato wa namna hiyo usiwekwe! Bunge lilipoirekebisha sheria, halikuongeza mkato. Lilizitenganisha kazi zote kwa nuktamkato.

Kauli ya kutendwa nayo ina mashabiki na maadui. George Orwell, mwaka 1946, alishauri iepukwe kila inapowezekana, na wahariri wengi wameushika ushauri huo kama msahafu. Mimi naushika nusu. Tangazo la kwamba barabara imefungwa halihitaji kumtaja aliyeifunga. Lakini barua ya ofisi inayosema "mistakes were made" imemficha mtu, na kisarufi haina doa.

Si waandishi wote wa toleo hili wanaokubaliana nami. Mwalimu wa sekondari anayeandika kwanza anaitetea kalamu nyekundu, na hoja yake si nyepesi: mtahini hamjui mwanafunzi, anachokijua ni kanuni tu.