Kompyuta ya Wingu Nayo Inahitaji Kufuli

Siku hizi biashara nyingi haziweki hesabu kwenye kompyuta ya dukani. Zinakodi kompyuta ya wingu, inayokaa kwenye seva za kampuni nyingine, na mhasibu anaifungua kwa intaneti akiwa popote. Ni mpango mzuri. Lakini tusidanganyane: kampuni hiyo inalinda mitambo yake. Nani anaingia kwenye hesabu zako, hilo ni jukumu lako.

Kompyuta za Windows hupokea watumiaji wa mbali kupitia poti 3389. Wezi wana programu zinazopekua intaneti usiku na mchana zikitafuta poti hiyo ikiwa wazi, halafu zinajaribu nywila moja baada ya nyingine. Mwambie fundi wako aifunge, wafanyakazi waingie kwa VPN.

Kwa maoni yangu, hata namba ya uthibitisho ya SMS haitoshi. Mwizi akifanikiwa kuhamisha laini yako, SMS zinamfuata yeye. Tumia programu ya uthibitisho: namba zake hutengenezwa ndani ya simu, hazipitii kwenye laini.

Karani naye akiacha kazi leo, akaunti yake ifungwe leo, si mwisho wa mwezi.

Utasema huu ni usumbufu. Sawa, ni sekunde chache kila asubuhi. Lakini humo mna majina ya wateja, namba zao za simu na malipo yao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde. Mteja alikuamini wewe. Wingu halijui.