Wasichana wawili wa miaka 13, na tiketi yangu moja

Oscar zimeshapeanwa, Anora imebeba tano ikiwemo ile ya filamu bora, na sasa hesabu ya muvi za 2024 inaweza kufungwa. Mimi si mhakiki. Mimi ni yule msee wa kawaida anayeenda sinema mshahara ukiingia, na siku zingine anatazama muvi kwa simu ndani ya matatu hadi bando iishe. Lakini doo ninayolipa ni yangu, kwa hivyo maoni pia ni yangu.

Pale base kuna lalamiko moja tu: Hollywood wameishiwa na hadithi. Ni kweli. Angalia filamu kumi zilizoingiza pesa nyingi zaidi duniani mwaka huo. Inside Out 2, Deadpool & Wolverine, Moana 2, Despicable Me 4, Dune: Part Two, Mufasa... Karibu zote ni mwendelezo wa kitu tulichokwisha kukiona, ama utangulizi wake. Iliyojitenga kidogo ni Wicked, na hata hiyo imetolewa kwa mchezo wa jukwaani ambao umechezwa kwa zaidi ya miaka 20.

Sisemi zote zilikuwa mbaya. Dune: Part Two ilinishika tangu mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa na raha ya ziada kwa mtu anayejua Kiswahili. Watu wa jangwani wanamwita Paul "Lisan al-Gaib", na jamaa niliyeketi naye akaniuliza hiyo ni lugha ya sayari gani. Nikamwambia hiyo imetoka kwa Kiarabu, na sisi tunayo: lisani ni ulimi, na ghaibu unaijua kila unapokariri kitu kwa ghaibu. Alinyamaza kama mtu aliyedanganywa.

Mufasa nayo iliingia Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Nilienda na binti ya dada yangu, ambaye mwaka huu anatimiza miaka 13. Mle ndani simba mmoja anaitwa Taka, na ukumbi mzima ulicheka kila jina lake lilipotajwa. Nchi ya ahadi ambayo simba wanaitafuta inaitwa Milele. Mtoto akaninong'onezea, "Anko, milele si mahali. Wanajua wanachosema kweli?" Sikuwa na jibu. Tangu enzi za Simba, Rafiki na Pumbaa wamekuwa wakichukua maneno yetu na kuyavalisha wanyama. Maneno yanasafiri, sisi tunabaki.

Mtu atasema, lakini tuko na Lupita. Hapo nakubali kabisa. Kwangu, 2024 ulikuwa mwaka wa Lupita Nyong'o. Kwenye The Wild Robot hatuoni uso wake hata mara moja, ni sauti tu ya roboti Roz anayelea kifaranga cha bata bukini, na bado watu wazima walitoka wakijifanya wana mafua.

Halafu A Quiet Place: Day One. Kumbuka wakati ilipotoka. Jumanne tarehe 25 Juni vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha hadi wakaingia Bungeni, na kuna waliotoka nyumbani siku hiyo hawakurudi. Ijumaa yake, tarehe 28, filamu hiyo ikatoka: jiji zima ambalo ukipaza sauti tu, umekwisha. Waliotengeneza hawakuwa na habari yetu. Lakini nilipoiona wiki kadhaa baadaye, Lupita akiwa amejibana ukutani na kufunga mdomo, sikuwa nawaza New York. Mbogi yetu haikupiga stori tulipotoka. Tulitembea hadi steji kimya.

Sasa nifike kwa jambo linaloniuma. Mwaka 2024 ulitupa wasichana wawili wa miaka 13.

Wa kwanza ni Riley wa Inside Out 2. Anaishi Marekani, anaenda kambi ya mchezo wa magongo ya barafuni, na kichwani mwake ameingia Wasiwasi, hisia mpya inayotaka kuendesha kila kitu. Atapata marafiki? Kocha atamchagua? Ni muvi tamu, na yule Wasiwasi namjua vizuri, tunalala naye kila mwisho wa mwezi. Filamu hiyo iliongoza dunia nzima, karibu dola bilioni 1.7. Ndani ya hizo dola zimo shilingi zangu, tiketi mbili na bisi, kwa sababu nilimpeleka huyo huyo mpwa wangu.

Wa pili ni Nawi. Anaishi Turkana, amefaulu mtihani vizuri mno na anataka kuendelea na shule ya upili. Baba yake ana mpango mwingine: kumwoza kwa mwanamume mtu mzima, alipwe mifugo. Nawi anaamua kutoroka. Hadithi ilitokana na shindano la uandishi. Aliyeiandika, Milcah Cherotich, ni Mkenya, na wakurugenzi wawili kati ya wanne, Apuu Mourine na Vallentine Chelluget, ni Wakenya. Anayeigiza Nawi ni Michelle Lemuya Ikeny, msichana ambaye ukimwona anatazama ile mifugo ikihesabiwa, huhitaji mtu akuelezee anafikiria nini. Kenya iliituma Oscar kama filamu yetu ya mwaka. Haikufika orodha ya mwisho.

Nawi ilipoonyeshwa humu nchini, mimi sikwenda.

Sababu ninazo, na pengine ni zako pia. Nilisema nitaenda wikendi ijayo. Nilisema muvi za kwetu huwa zinahubiri. Nilisema ndoa za mapema nimezisikia kwa habari kila siku, si nitalipa kuhuzunika? Wikendi ijayo ilipofika, mbogi ikasema Deadpool, na nikaenda Deadpool. Nilicheka sana. Leo sikumbuki hata utani mmoja.

Nawi nimekuja kuiona baadaye, nyumbani kwa rafiki, na nilikuwa nimekosea. Haihubiri. Ina vichekesho, ina kaka anayempenda dada yake, ina baba ambaye si shetani bali ni mtu aliyebanwa na deni na mila. Wasiwasi wa Riley ni kama atapata nafasi kwenye timu. Wasiwasi wa Nawi ni kama mwaka ujao atakuwa na daftari au mtoto mgongoni. Wote wana miaka 13. Mmoja nilimlipia mara mbili, mwingine nikamwona bure.

Najua jibu la haraka: Pixar wana mabilioni, sisi tuna nini? Hapo ndipo Flow inapotuharibia kisingizio. Ni katuni kutoka Latvia, ya paka na wanyama wenzake ndani ya mashua wakati wa mafuriko, hakuna neno hata moja linalosemwa. Mkurugenzi wake, Gints Zilbalodis, na wenzake waliitengeneza kwa Blender, programu ambayo wewe na mimi tunaweza kuipakua leo bila kulipa kitu. Kwenye Oscar ya katuni iliwashinda Inside Out 2 na The Wild Robot, zote mbili.

Lakini si tuzo pekee inayonifikirisha. Latvia ina watu wasiofika milioni mbili, yaani chini ya nusu ya wakazi wa Nairobi. Na Flow imekuwa filamu iliyotazamwa na watu wengi zaidi katika historia ya sinema za huko. Hawakungoja Wamarekani wawaambie ni nzuri. Walijaza viti wenyewe, huku wengine wakija baadaye.

Usiniambie Wakenya hawapendi hadithi kwa lugha yao. Nimekulia kwenye vibanda vya video, tukibanana kwenye mabenchi kumsikiliza DJ Afro akisimulia muvi za Wachina na Wahindi kwa Kiswahili, na mtu ambaye hakuwa na pesa ya chakula cha mchana hakukosa ya kuingilia. Kiu tunayo. Shida ni kwamba tunangoja muvi za kwetu zituthibitishie kwanza, ilhali Deadpool tunamlipa kabla hatujajua ni nzuri au mbaya.

Na ukumbi wa sinema ni biashara. Wiki ya kwanza viti vikiwa vitupu, wiki ya pili filamu inapewa saa ile ya watu wakiwa kazini, na ya tatu imetolewa. Halafu sisi tunarudi base kulalamika kwamba kila kitu ni sehemu ya pili na ya tatu. Wanatuletea tunachonunua.

Sikuombi uache Hollywood. Mimi mwenyewe siachi. Ninachojiambia ni kidogo tu: filamu ya Kenya ikiingia sinema, naenda wiki ya kwanza, kabla sijauliza mtu ni kali ama ni noma. Ikiwa mbaya nitasema ni mbaya, kama ninavyosema kuhusu zingine. Haki ya kulalamika nitakuwa nimeilipia.

Juzi nilimsimulia mpwa wangu habari ya Nawi. Aliweka simu chini, jambo ambalo si la kawaida, akauliza, "Kwani alifika shule?" Nikamwambia sisemi, tutaitazama pamoja. Na safari hii nalipa mimi.